Moshi wa Kwenda na Kurudi

Mbele ya ofisi ya shirika moja la kuhudumia wazee majumbani, ng'ambo ya barabara, palikuwa na benchi refu la mbao lililoegemezwa kwenye ukuta wa karakana. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi, hivyo wenyeji walijua namna ya kukaa: mzito kushoto, mwepesi kulia. Mgeni alijifunza baada ya kumwagikiwa kahawa mapajani. Mwenye kahawa alikuwa Mama Birika, mwanamke wa maneno machache na masikio makali. Mwenye karakana alikuwa fundi wa majenereta waliyemwita Voti, kwa kuwa kila tatizo la dunia kwake lilikuwa la umeme. Dereva wa shirika, waliyembatiza Gia Tano kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akivuka ya tatu, alikaa pale kati ya safari na safari. Na tangu mwezi ule uanze kulikuwa na mtu wa nne, Bi Ratiba, mama wa makamo aliyepanga zamu za wahudumu wote kumi na wanne wa shirika. Yeye hakuja kupiga soga. Alikuwa ameshikwa pabaya, na hakutaka wenzake wa ofisini waone.

Kilichomshika ni barua. Wafadhili walitaka kila shirika wanalolisaidia lipunguze gesijoto zake, yaani zile hewa zinazotanda angani na kuzidisha joto la dunia, kwa theluthi moja ndani ya mwaka. Mkurugenzi aliisoma kikaoni, akaikunja mara nne, akamkabidhi Bi Ratiba. Wewe ndiye unayejua nani anakwenda wapi, alimwambia, basi utatuambia tupunguze wapi.

Kwa wiki mbili Bi Ratiba alipambana na vidogo vidogo. Alibadilisha balbu. Alipiga marufuku kuchapisha karatasi zisizo na lazima. Jenereta, lililokuwa likiwashwa ili feni ya mkurugenzi izunguke, sasa liliwashwa pale tu dawa za kwenye friji zikiwa hatarini. Alipojumlisha, akajikuna kichwa. Vyote pamoja havikufika hata robo ya alichotakiwa. Katika kila mafungu kumi ya moshi wa shirika, manane yalitoka kwenye bomba la gari la Gia Tano.

Alipowaeleza benchini, Gia Tano alikuwa wa kwanza kujibu.

– Moshi wa gari langu, ukiulinganisha na wa kile kiwanda cha saruji, ni kikohozi cha paka, dada yangu.

Akaendelea kueleza kwamba hewa ni moja, haina mipaka wala hati ya umiliki, kwamba angeweza kuzima injini kila akikuta mteremko, na kwamba hata upepo una lawama zake. Alisema mengi, ila funguo za gari alizungusha kidoleni bila kukoma, na Bi Ratiba aliona. Mtu aliyeendesha gari moja miaka tisa anajua safari zikipunguzwa anayefuata kupunguzwa ni nani.

Voti yeye alikuwa na dawa ya kila kitu. Kwanza alitaka gari liezekwe paneli za jua. Gia Tano alipomuuliza abiria wataingia vipi kwenye vichochoro na bati la mita tatu juu ya vichwa vyao, Voti akahamia kwenye viti vya magurudumu vya wazee: kila gurudumu lifungwe dinamo, mzee akisukumwa uani anachaji taa zake mwenyewe. Kisha akafika mbali zaidi. Kila mzee apewe simu yenye kioo kikubwa, mhudumu akae ofisini amtunze kwa kumtazama, gari liuzwe.

– Na mgongo nani ataosha? – aliuliza Mama Birika, huku akimimina.

Voti alifikiri kidogo. Akasema hilo ni la awamu ya pili.

Mama Birika hakucheka. Alifunika birika lake kwa kitambaa, akasema kama wazo la gari ni gumu hivyo, basi wahamisheni wazee wote wakae mtaa mmoja, mzunguke kwa miguu mmalize kazi. Wanaume wakaangua kicheko. Bi Ratiba hakucheka pia. Alibaki ameshika kikombe, kahawa ikipoa, maana kichekesho kile kilikuwa kimemfungulia mlango. Wazee hawahamishiki. Lakini wahudumu je?

Alirudi ofisini, akabandika ramani ya mji ukutani, akachoma pini kwenye kila nyumba ya mzee. Zilikuwa hamsini na mbili. Akachukua kibonge cha uzi wa kushonea, akaanza kufuata safari za gari za siku moja: kutoka ofisini kwenda kwa mzee huyu, kurudi, kutoka tena kwenda kwa yule. Uzi uliisha kabla hajafika safari za saa sita mchana. Mji ule ulikatwa na mto katikati, na daraja lilikuwa moja. Gari lilivuka daraja lile mara kumi na mbili kwa siku, kwa sababu tu mhudumu fulani aliwahi kupewa mzee fulani miaka hiyo, akaendelea naye, na aliyepewa wa jirani yake alikuwa mwingine wa zamu nyingine.

Akapanga upya kila kitu. Ng'ambo ya mto kundi moja, upande wa ofisi kundi jingine, na kila mhudumu akapata wazee wanaokaribiana, awafikie kwa miguu akishashushwa. Mpango ule ulipunguza safari za gari kwa karibu theluthi nzima. Mkurugenzi alipouona alisimama, jambo ambalo hakulifanya kirahisi kwa uzito wake, akampa mkono.

Katika mpango huo, Bi Ratiba alifanya jambo moja la huruma. Kulikuwa na mhudumu mtu mzima kuliko wote, mwanamke mrefu, mkimya, ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi. Wapya walimwita Shangazi, mkurugenzi alimwita Shangazi, hata Gia Tano aliyemzidi umri alimwita Shangazi. Bi Ratiba aliona magoti yake yanaanza kumsumbua, akampa wazee wanne wa mitaa iliyozunguka ofisi, asivuke tena mto. Shangazi alipoonyeshwa karatasi aliisoma hadi mwisho, akairudisha, akasema sawa.

Mpango ulianza Jumatatu. Jumanne jioni mhudumu mmoja kijana, mpole na mwenye mafunzo mazuri, alipita dirishani kwa Bi Ratiba akasema fundi saa hajala.

Fundi saa alikuwa mzee wa ng'ambo ya mto. Kiharusi kilikuwa kimemchukulia mkono wa kulia na maneno yote, kikamwachia macho. Kwa miaka sita Shangazi alikuwa akimwogesha na kumlisha. Bi Ratiba alimjua kama pini nyekundu karibu na daraja. Jumatano aliamua kwenda mwenyewe.

Alikuta chumba kidogo, safi, saa za ukutani tatu zote zikienda sawasawa. Kijana alikuwa ameketi kwenye kigoda, bakuli la uji mkononi, kijiko kimesogezwa mdomoni kwa upole, wala si kwa kulazimisha. Mzee alikuwa amefumba mdomo. Hakukasirika wala hakumsukuma mtu. Aligeuza tu uso, akautazama ukuta. Kijana alisubiri, akapasha uji moto, akajaribu tena, na tena. Maji mzee alikunywa. Uji hakuugusa. Mara moja mlango uliposukumwa na upepo, aligeuka upesi kutazama, kisha akarudi ukutani.

Bi Ratiba alitoka pale akarudi garini. Njiani kurudi, Gia Tano aliendesha kwa gia ya pili mpaka darajani.

Alhamisi saa tisa alasiri walikuwa benchini, na safari hii hakuna aliyeleta mzaha mwanzoni. Bi Ratiba aliwaeleza yote. Ripoti inakwenda kwa mkurugenzi kesho. Akimrudisha Shangazi kwa fundi saa, lazima gari limvushe mto na kumrudisha kila siku, na akishamfungulia mmoja, kila mzee aliyemzoea mtu wake atataka vivyo hivyo, nao wana haki. Uzi utarudi ulivyokuwa. Asipomrudisha, kuna mtu mmoja anayekaa bila kula siku ya nne.

Voti aliona aibu kukaa kimya. Akasema pengine ni sauti: ichukuliwe sauti ya Shangazi kwenye simu, ipigwe wakati wa kulisha. Gia Tano akasema pengine ni harufu, hivyo kijana avae aproni ya Shangazi. Voti akaongeza kwamba ukiunganisha sauti na aproni pamoja na glavu zenye joto la mkono wa mtu, mzee hatagundua kitu.

– Hajui kusema, – alisema Mama Birika. – Hakuna aliyesema hajui watu.

Gia Tano akasafisha koo, na kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze akasema la moyoni. Yeye angefurahi Shangazi arudishwe ng'ambo, alisema, maana safari zitaongezeka na yeye atabaki na kazi. Lakini tangu jana hakulala vizuri, kwa sababu hajui anamwonea huruma mzee au anajionea mwenyewe. Bi Ratiba alimtazama, akaona ni mtu mwingine kabisa.

Wakati huo ndipo mwanamke mmoja alipovuka barabara na begi la safari begani. Alikuwa ametoka ofisini, ambako walimwambia mpanga zamu yuko kwenye kahawa. Alikaa upande wa kulia wa benchi, upande wa wepesi, na benchi halikumwangusha. Akajitambulisha: ni binti wa fundi saa. Anaishi mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi. Jirani alimpigia simu usiku wa jana, na mchana huu amefika, amemkuta baba yake amelala akiuelekea ukuta.

Bi Ratiba alijiandaa kufokewa. Alianza kueleza, akajikuta anaeleza kila kitu, barua, ramani, daraja, theluthi. Binti alisikiliza bila kumkatiza. Hakuwa na hasira. Alisema anaelewa, hata kwao mvua zimegeuka, mwaka jana mto ulibeba nyumba ya shemeji yake, na mtu anayejaribu kupunguza moshi hawezi kumlaumu. Hakuja kuvunja mpango wa mtu.

– Nataka kumwona yule dada aliyekuwa akimlisha baba, – alisema. – Sitaki kumsumbua kazini. Nitamfuata kwake jioni, nimshukuru, na kama ana nafasi siku za mapumziko nimwombe. Anakaa wapi?

Bi Ratiba akageukia upande wa Gia Tano. Gia Tano alisema yeye alikuwa akimchukua ofisini saa moja na nusu asubuhi na kumrudisha ofisini saa kumi. Huko kwingine hajui. Voti alisema alimwona akitokea upande wa kituo cha basi, lakini kila mtu hutokea upande wa kituo cha basi. Macho yao yakamwendea Mama Birika, anayejua habari za mtaa mzima mpaka ndoa zilizovunjika. Mama Birika alishika mpini wa birika, akautazama.

– Mimi humsalimu asubuhi na kumsalimu jioni, – alisema. – Sikuwahi kumuuliza.

Bi Ratiba alivuka barabara, akafungua kabati la mafaili. Faili la Shangazi lilikuwa jembamba. Anwani ilikuwepo, ya miaka kumi na moja iliyopita, nyumba moja mtaa wa nyuma ya ofisi, na simu ya kaka yake, si yake mwenyewe. Akapiga. Namba haikuwa ikitumika. Akatoka nje akaenda mpaka kwenye nyumba yenyewe, akakuta duka la vipuri, na mwenye duka akamwambia yule kaka aliyekuwa akikaa pale alifariki zamani. Bi Ratiba alirudi benchini, akakaa upande usio wake, na kahawa ilipomwagika magauni mawili yakalowa.

Saa kumi Shangazi alitokea kwa miguu, maana wazee wake sasa walikuwa wa karibu. Alikuja kusaini daftari la kutoka. Bi Ratiba alimsubiri getini, binti wa fundi saa akiwa nyuma yake.

– Shangazi, siku hizi unakaa wapi?

Shangazi alishangaa kidogo. Akataja mtaa. Ulikuwa ng'ambo ya mto, baada ya daraja, kulia, nyumba ya tano kupita kwa fundi saa.

Bi Ratiba aliuliza polepole, akitaka kuhakikisha amesikia vizuri. Naam, kabla ya mpango mpya Shangazi alikuwa akitoka kwake alfajiri, saa kumi na moja na nusu, akitembea hadi kituoni kuwahi basi la kuja kusaini daftari la kuingia. Alipita mlangoni kwa fundi saa kila siku. Taa ilikuwa inawaka, kwa sababu mzee huamka mapema, naye akapita. Kisha alipanda gari la shirika, akavushwa mto kurudi alikotoka, akamkuta mzee saa mbili na nusu. Saa kumi kasoro alivushwa tena kuja kusaini daftari la kutoka, halafu akapanda basi kwenda nyumbani. Miaka sita.

– Na sasa? – aliuliza binti.

– Sasa napita njia ya nyuma, – Shangazi alijibu. – Ni ndefu kidogo, lakini sipiti dirishani kwake.

Bi Ratiba alimuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini alipoonyeshwa ile karatasi alisema sawa tu. Shangazi alimtazama bila lawama, jambo lililomwumiza zaidi kuliko lawama.

– Nilidhani mnajua, – alisema. – Nikadhani mmeamua hivyo kwa sababu yenu.

Kisha Bi Ratiba akasema:

– Kesho usije ofisini.

Uso wa Shangazi ulibadilika. Aliuliza amekosa nini. Bi Ratiba alimshika mikono yote miwili, akamwambia hakukosa lolote, daftari ndilo lililokosa, na yeye aliyeliweka. Kesho aanzie kwa fundi saa, kwa miguu, atume ujumbe wa simu akifika na akiondoka. Binti alikuwa ameshafunika uso kwa kanga yake.

Ripoti haikwenda siku ile iliyopangwa. Mkurugenzi aligomba, akisema daftari la ofisini ni la nidhamu, watu wasipoonwa asubuhi watalala. Bi Ratiba, ambaye kwa kawaida hakubishana na mtu, alimwambia kwamba kwa miaka sita nidhamu hiyo ilimvusha mtu mmoja mto mara nne kwa siku ili afike kwa jirani yake. Mkurugenzi alikaa chini. Akaomba utaratibu mpya, wa kila mhudumu kuanzia nyumbani kwake kwa wazee wa jirani, ujaribiwe mwezi mmoja.

Ripoti ilipokwenda, baadaye, gari lilikuwa likivuka daraja mara mbili tu kwa siku, na wafadhili waliandika barua ya kuuliza shirika limefanyaje. Si kila kitu kilikaa sawa. Wahudumu watatu walikaa mbali na wazee wote, na wao iliwabidi wapande basi. Mzee mmoja wa upande wa ofisi, aliyeanza kumzoea Shangazi kwa siku nne tu, alimpokea mpya kwa kununa. Fundi saa mwenyewe, asubuhi ile ya Ijumaa, alikula vijiko vitatu, akakataa cha nne. Binti alipiga simu kutoa taarifa hiyo kama anayetangaza ushindi. Kesho yake alikula saba.

Lakini hayo yote yalikuwa bado. Ijumaa ile ile, saa moja asubuhi, Bi Ratiba alisimama getini na daftari jipya, na wahudumu kumi na watatu waliobaki wakajipanga mbele yake wakidhani ni ukaguzi. Alimuuliza kila mmoja swali lile moja: unakaa wapi? Walijibu kwa wasiwasi mwanzoni, kisha wakalegea. Cha ajabu ni kwamba aliyekwisha kujibu hakuondoka. Walibaki wamesimama pembeni kusikiliza majibu ya wenzao, na mara kwa mara mtu alisema kumbe, kwani wewe ni nyumba ya bluu, mimi nipo hapo nyuma yako. Wawili waligundua kwamba wanachota maji bomba moja, mmoja asubuhi, mwingine jioni, na hawajawahi kukutana pale hata siku moja. Kutoka ng'ambo ya barabara Voti na Mama Birika walikuwa wamesimama wakitazama.

Alipomaliza wa kumi na tatu, akakunja daftari. Gia Tano alikuwa ameegemea mlango wa gari lake, injini imezimwa. Funguo zilikuwa mfukoni.

– Na mimi, – alisema taratibu, – huniulizi?

Bi Ratiba alimtazama mtu aliyemwendesha miaka tisa. Akafungua daftari, akageuza ukurasa mpya, akaandika juu yake jina lake halisi, ambalo ilimbidi kwanza amuulize.